Shoga, mguu mmoja si miwili

Mkunazini, Unguja

Shoga yangu kipenzi,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeipata kwa mkono wa shemeji. Sisi wazima, alhamdulillah. Nasra ameshaanza kutembea na vikombe vyangu vinamalizika.

Umeniuliza habari ya miguu kuvimba na mimba yako hii. Ikiwa yote miwili inavimba sawasawa, jioni ikazidi na asubuhi ikapungua, hayo mara nyingi ni ya mimba tu. Miezi hii wengi wetu tunavaa champali za waume zetu. Mwonyeshe nesi siku ya kliniki, akupime na presha.

Ninaouogopa mimi ni mguu mmoja. Champali ya kulia inaingia, ya kushoto imegoma. Shavu la mguu linauma kama limekaza misuli na halitaki kuachia, ukiligusa lina joto kuliko la pili, ukikanyaga ndio linazidi. Mwengine maumivu humkaa juu, pajani au kwenye kinena, na chini hakuvimbi sana. Hapo huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Kwa wajawazito huwa zaidi ni mguu wa kushoto, kwa sababu mshipa unaorudisha damu ya upande huo unapita chini ya mshipa mwengine mkubwa, na tumbo nalo linaugandamiza. Wala usingoje kuona wekundu, ngozi zetu hizi hauonekani vizuri.

Mimi mshoni, kwangu futi haikosi mkononi. Ukiingiwa na wasiwasi, pima shavu la mguu huu na la huu, pahala pale pale. Tofauti ya sentimita 2 si ndogo. Lakini futi isikuzuie: mguu ukiuma upande mmoja bila sababu, nenda ukaangaliwe hata kama vipimo viko sawa.

Damu ya mjamzito huganda upesi, Mwenyezi Mungu kaipanga hivyo ili siku ya kuzaa isitutoke yote. Ndiyo maana hatari hii kwetu ni mara 4 au 5 kuliko kwa asiye na mimba. Na wengi hawajui kuwa wakati mbaya zaidi ni baada ya kujifungua, wiki 6 za mwanzo. Hebu hesabu: ndiyo arubaini yetu nzima hiyo! Na arubaini yetu unaijua, chumbani, kitandani, maji ya moto, mkandaji kila siku. Siipingi, mwenyewe niliifaidi, khasa ule uji wa pilipili manga. Ila kulala kutwa ndiko kunakoifanya damu itulie miguuni. Inuka, zunguka uani, kunywa maji. Aliyezaa kwa kupasuliwa ndio zaidi.

Wifi yangu alipasuliwa. Wiki ya pili mguu wa kushoto ukamvimba mpaka pajani. Mtu mzima wa nyumba, kwa mapenzi yake, alikuwa ameshateleka maji amkande. Akaingia jirani, nesi mstaafu, akasema mguu huo usiguswe: bonge la damu likisuguliwa linaweza kubanduka likapanda mapafuni. Hospitali wakampiga ultrasaundi ya mguu, wakamuanzishia sindano za kuzuia damu isigande, zile za chini ya ngozi ya tumbo. Alijifunza kujidunga mwenyewe, na kunyonyesha hakuacha. Hata mwenye mimba hupewa hizo hizo, kwani dawa yake haivuki kwenda kwa mtoto. Mkandaji alinuna, lakini wifi yu hai.

Bonge likifika mapafuni, pumzi hukata ghafla, kifua kinachoma kila ukivuta hewa, moyo unakwenda mbio, pengine mtu anakohoa damu au anazimia. Hapa ndipo watu wetu wanapopotea, maana akisema kifua kinamchoma anaambiwa ni kichomi, anapewa tangawizi na kusuguliwa mafuta. Kuhema ngazini kwa mimba kubwa kupo, lakini huko huja pole pole. Hii ya ghafla ni ya kutafuta gari saa ile ile, iwe usiku wa manane. Kwako huko Mtambile, Pemba, hospitali ya Abdulla Mzee pale Mkoani si mbali.

Na ukiona uso na mikono imevimba, pete haitoki, kichwa hakisikii panadoli, macho yanaona nyota, au maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu, hayo ni mengine, ni presha ya mimba. Ikifika 140 kwa 90 wasikwambie urudi wiki ijayo. Presha hiyo ndiyo huleta kifafa cha mimba, nacho hakipigi hodi.

Usisahau kumwambia nesi habari ya mama mdogo, yule aliyeganda damu mguuni. Mambo haya hufuata ukoo, na wapo wanaopewa sindano za kinga mapema.

Safari yako ya boti kuja huku Unguja usiiache, ila muulize daktari kwanza kama miezi yako inaruhusu. Usikae kitini mwanzo hadi mwisho. Inuka, shika vyuma, tembea kidogo kabla hamjafika Nungwi bahari ikachafuka. Ukikaa, chezesha vifundo vya miguu. Na maji unywe hata kama unaogopa kutapika.

Nijulishe siku, nije bandarini Malindi kukupokea. Halua ya Wete usiisahau, wala usiwape shemeji waibebe, haitafika.

Shoga yako,
Mama Nasra