Kasha liko ukurasa wa 11

Mwezi uliopita alitujia hapa, tunaposoma miswada ya waandishi na kuwashauri, mwalimu mstaafu wa Kiingereza kutoka Pemba, mswada wake wa riwaya kautia kwenye mkoba wa ukili. Alishawaandikia mawakala saba wa London, watu wanaomtafutia mwandishi mchapishaji. Sita kimya, wa saba alimjibu mistari miwili ya adabu.

"Mwanangu, niambie kweli. Kibaya nini?"

Nilimwomba siku chache nisome. Kurasa kumi za mwanzo: alfajiri, adhana, karafuu zimeanikwa kwenye majamvi, kisha nasaba ya ukoo mzima mpaka babu wa babu. Kiingereza chake safi, kuliko changu. Ukurasa wa 11 mkwe anafungua kasha la bibi harusi, analikuta tupu. Hapo chai yangu ikapoa.

"Bi Mwalimu, uliwapelekea kurasa ngapi?"

"Kumi. Ndivyo walivyotaka."

Basi hakuna wakala aliyeliona kasha.

Mawakala wengi wa Uingereza na Marekani hawaombi kitabu kizima. Wanataka barua fupi, muhtasari wa ukurasa mmoja au miwili, na kipande cha mwanzo: kwa mmoja kurasa kumi, kwa mwengine sura tatu. Na akishakukatalia, kwa kawaida hataki kukiona tena kitabu kile kile, ila uwe umekifumua na kukisuka upya. Ndiyo maana tunasema mlete mswada kabla, si baada ya barua ya saba.

Kazi yetu ni kusoma mswada wote, kukuandikia ripoti, kisha kukaa na wewe saa nzima tubishane. Koma na tahajia hatugusi hatua hii. Sura yenyewe huenda ikaondoka. Muhtasari tunaukagua kwa ukali zaidi, maana waandishi wengi huficha mwisho wa hadithi wakidhani wanamtia wakala hamu. Wakala anataka kuujua mwisho. Mwambie nani kaiba.

Sisi tunatoza, na bei inakwenda kwa idadi ya maneno. Wakala wa kweli hatozi ada ya kusoma: anakula kamisheni kitabu kikishauzwa, kwa kawaida asilimia 15, na 20 kwa mauzo ya nchi za nje. Akikudai pesa kabla, mkimbie. Nasi pia, tukikuahidi kuwa utapata wakala, tukimbie.

Kama unaandika kwa Kiswahili, wakala huenda usimhitaji kabisa. Wengi wetu hupeleka moja kwa moja kwa mchapishaji, au kwenye tuzo ya fasihi ya Kiswahili kama ile iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, baadaye ikaitwa Safal, ambayo imekuwa ikipokea miswada isiyochapishwa. Ripoti ni ile ile, ila barua tunaiandika vyengine.

Tuletee mswada uliochapwa, herufi za ukubwa wa 12, mistari iachane nafasi mbili ili kalamu ipate pa kupita.

Bi Mwalimu amerudi juzi. Kasha sasa liko ukurasa wa pili. Alfajiri hakuifuta, kaihamishia sura ya tatu, na hilo bado tunagombana.