Vijana wetu hawamo

Morogoro, Jumapili jioni

Mpendwa Mama Salma,

Hujambo wewe, Baba Salma hajambo, watoto nao? Huku tu wazima, ila mvua zimeharibu njia zote za vijijini. Mama anakusalimu na bado anaziulizia zile khanga za Mombasa. Najua nimekaa kimya tangu Idi, na leo naja na shida. Niwie radhi.

Ni ule mradi wa mbu. Prof alipostaafu niliachiwa uratibu wa upande wetu, na kazi yenyewe inakwenda: sisi tunakusanya mbu wa malaria aina ya funestus Kilombero, wenzetu wa Manaus, Brazil, wanakusanya aina ya darlingi kule Amazoni, Uingereza wanasoma DNA ya wote ili tujue usugu wa mbu dhidi ya viuatilifu unajengekaje huku na kule. Basi Ijumaa usiku ikaingia rasimu ya makala ya kwanza. Orodha ya waandishi ni ndefu, nimeirudia juu hadi chini. Vijana wetu wawili, yule wa Lupiro na mdogo wake Baba Juma, hawamo. Wamo kwenye shukrani mwishoni, tena bila majina: "timu ya Tanzania". Maoni yanatakiwa kesho mchana.

Hawa si wabeba mitego, Mama Salma. Funestus anauma usiku wa manane, ndani ya nyumba, kwa hiyo wamekesha misimu miwili na mitego ya taa, alfajiri wanachambua mbu mmoja mmoja chini ya hadubini, kisha kipimo cha DNA cha PCR, maana funestus na ndugu zake huwezi kuwatofautisha kwa macho. Ni wao waliogundua kwamba nyumba tulizochagua mwanzoni zote zilikuwa za bati, wakadai tuongeze za nyasi. Bila hilo takwimu zetu zingepinda. Huo si usaidizi, huo ni utafiti.

Nilimwandikia kiongozi wa mradi usiku uleule. Amenijibu kwa upole kabisa kwamba kanuni za ICMJE, ile kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, zinataka mwandishi awe ameshiriki kuandika au kusahihisha rasimu, na wao hawakushiriki. Lakini kanuni hizohizo zinasema aliyechangia kupanga utafiti, kukusanya data au kuichambua apewe nafasi ya kushiriki kuandika na kuidhinisha. Nafasi hiyo walipewa lini? Kuandika kuligawanywa kwenye vikao vya Zoom, na vikao vimefungwa kwenye saa ya London: saa saba mchana kwao, saa kumi jioni kwetu. Saa kumi jioni vijana wako njiani kwenda kutega kabla jua halijazama! Mwishoni mwa Machi Waingereza wanasogeza saa zao, sisi na Manaus hatusogezi, ghafla kikao ni saa tisa kwetu na saa mbili asubuhi Manaus, na hapo vijana wanafungasha betri. Niliomba tupokezane, mwezi huu aamke mapema huyu, mwezi ujao achelewe kulala yule. Likaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao, likaishia hapo.

Na fedha, ah, hayo ya fedha tuyaache, zinakuja baada ya kazi na wanaosubiri posho ni walewale.

Nimekuwa nikiwaangalia wenzetu wa Manaus. Sheria ya Brazil ya 2015 inawataka wasajili sampuli kabla hazijatoka nchini, na dada yule hakukubali mbu hata mmoja apande ndege mpaka masharti yote yaandikwe. Watu walinung'unika. Leo mafundi wake wote wamo kwenye orodha. Mkataba wetu wa kusafirisha sampuli, ule alioutia saini Prof, unaeleza mbu ni wa nani na data itakaa wapi. Kuhusu waandishi, kimya.

Ndiyo maana nakusumbua. Ule mkataba wenu wa uandishi, mliousaini na wenzenu wa Ulaya kabla ya kazi kuanza, unao bado? Nitumie hata picha za simu. Nataka tuusaini kabla ya makala ya pili, na kesho niwaonyeshe kwamba jambo hili linafanyika. Lile Tamko la Cape Town la 2022 kuhusu usawa katika utafiti ninalo, lakini tamko ni tamko, nataka karatasi yenye saini za watu.

Halafu nishauri. Kanuni zinadai kila mwandishi aidhinishe toleo la mwisho, nami sijaidhinisha. Nikizuia, nitakuwa nimewasaidia vijana au nimewachongea? Yule wa Lupiro anaomba nafasi ya uzamili mwaka huu, na makala hii ndiyo angeambatanisha. Nimweleze sasa au nisubiri majibu? Nyinyi mlipogombana na wale wenu, uliandika kwa timu nzima au kwa kiongozi peke yake? Na mfadhili, mlimgusa?

Kesho saa nne asubuhi nitampigia kiongozi, kabla ya maoni kufungwa. Nijibu usiku huu, hata kwa sauti ya WhatsApp, niko macho.

Wako,
Mama Neema