Maandalizi ya warsha ya uandishi Ulaya yasiishie kwenye viza

Ndugu Mhariri,

Ifikapo Januari kila mwaka, huanza kupokea maswali kutoka kwa waandishi chipukizi wanaojiandaa kwenda Ulaya kwa programu za uandishi za majira ya joto, zile za wiki chache ambazo vyuo na taasisi mbalimbali huziendesha kati ya Juni na Agosti. Huniuliza kuhusu viza, nauli, na kama wabebe koti. Tangu nirejee kutoka Prague, mji mkuu wa Jamhuri ya Czech, ambako nilihudhuria programu ya aina hiyo, sijapata hata mmoja aliyeniuliza kuhusu mswada atakaoupeleka. Naomba nafasi katika ukurasa wako niseme kwamba hapo ndipo maandalizi yetu yanapopinda, ingawa itanilazimu kuanza na hizo hizo karatasi, kwa sababu mtu anayehangaikia viza hadi wiki ya mwisho hapati utulivu wa kusahihisha hata aya moja.

Nchi nyingi zinazopokea washiriki wa programu hizi zimo katika eneo la Schengen, yaani nchi 29 za Ulaya zinazotumia viza moja ya pamoja, na viza yake ya muda mfupi humruhusu mgeni kukaa siku zisizozidi 90 ndani ya kila kipindi cha siku 180. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na kwa kawaida yanapaswa kufika siku 15 kabla yake kwa uchache. Wengi wakisoma kanuni hiyo hushika ile 15 na kuisahau ile 6. Ni kweli kwamba uamuzi kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15, lakini kanuni zinaruhusu muda huo urefushwe hadi siku 45, na hesabu huanza maombi yakishapokelewa na kuonekana yamekamilika, si siku ile mtu alipoanza kutafuta miadi ya kutoa alama za vidole. Kinachowachelewesha wengi ni barua ya kukubaliwa na programu. Kwa hiyo dawa ni kutuma maombi ya programu yenyewe katika awamu ya kwanza, badala ya kungoja siku ya mwisho kwa kisingizio cha kuboresha sampuli ya kazi, uboreshaji ambao, tuseme ukweli, mara nyingi haufanyiki.

Kuhusu masharti mengine nitapita haraka. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa 2 tupu, na iendelee kutumika kwa miezi 3 baada ya tarehe ya kuondoka Schengen. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000 na igharimie pia matibabu ya dharura na kumrudisha mgonjwa kwao. Ada ya viza kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, lakini kuna jambo ambalo wengi hulipita bila kulisoma: wanafunzi, wakiwemo wa uzamili, pamoja na walimu wanaofuatana nao, wakisafiri kwa ajili ya masomo au mafunzo, wamesamehewa ada hiyo, ingawa wakala anayepokea fomu anaweza kudai malipo yake ya huduma. Aliye mwanafunzi asione haya kuitaja kanuni hiyo dirishani, akiwa na barua ya chuo chake mkononi.

Linaloponza watu zaidi ya yote hayo ni ramani. Ziko programu zinazohamahama, wiki mbili Dublin (Ayalandi) au Edinburgh (Uingereza) kisha wiki tatu Prague au Paris, na mwombaji hudhani kwamba Ulaya ni mlango mmoja. Ayalandi na Uingereza hazimo Schengen, na kila moja ina viza yake na masharti yake. Zaidi ya hapo, viza ya Schengen ya kuingia mara moja hufa siku mwenye nayo anapovuka mpaka kutoka nje ya eneo hilo, hata kama tarehe zilizoandikwa juu yake hazijafika. Mwenzangu mmoja katika warsha, ambaye alikuwa pia na viza ya Uingereza, alikwenda London mwishoni mwa wiki ya pili kusikiliza usomaji wa mashairi, na hakuweza kurudi. Hadithi yake ilijadiliwa Jumanne iliyofuata bila yeye kuwepo, na maelezo tuliyoandika pembeni mwa kurasa zake yalitumwa kwa barua pepe. Mtu mwenye ratiba ya aina hiyo aombe waziwazi viza ya kuingia zaidi ya mara moja, na aipeleke ratiba yenyewe kuwa ushahidi.

Fedha nazo zinahitaji kuulizwa kwa maandishi: je, ada ya programu inajumuisha malazi, chakula, tiketi za usafiri wa mjini, na je, amana hurudishwa viza ikikataliwa? Mwandaaji asiyetaka kulijibu swali hilo la mwisho kwa barua, mimi nisingempelekea hata senti. Ikumbukwe pia kwamba si kila nchi ya Umoja wa Ulaya hutumia euro; Prague hulipwa kwa koruna, Poland kwa zloti, Hungaria kwa forinti, na anayepanga bajeti nzima kwa euro hupoteza kidogo kidogo kila anapobadilisha.

Sasa nije kwenye mswada. Utaratibu unaotumika katika warsha nyingi ulipata umaarufu kupitia Chuo Kikuu cha Iowa huko Marekani, ambako programu ya uandishi ilianzishwa mwaka 1936: kikundi kidogo cha washiriki husoma kazi ya mwenzao kabla ya kikao, kisha huijadili mbele yake, naye mara nyingi hutakiwa kukaa kimya hadi wamalize. Kimya hicho si kitu rahisi. Sisi wengi tumezoea aina mbili tu za wasomaji, hadhira inayopiga makofi na mwalimu anayesahihisha tahajia, na hatujawahi kuketi dakika 40 tukiwasikiliza watu 10 wakibishana kama mhusika wetu mkuu anaaminika. Mazoezi ya jambo hilo yanawezekana kabla ya safari na hayagharimu chochote. Watu watatu wanaoandika wakutane mara moja kwa wiki kuanzia Machi, wabadilishane kurasa, na mwenye kazi afunge mdomo. Atakayeshindwa kunyamaza mbele ya marafiki zake wawili atashindwa zaidi mbele ya wageni.

Kosa langu mimi lilikuwa la kuchagua. Nilipeleka hadithi ambayo ilikuwa imekwisha kupata tuzo ndogo, kwa sababu nilitaka nionekane mwandishi. Kila aliyetoa pendekezo nilimjibu moyoni kwamba waamuzi hawakuliona hilo, na wiki mbili za mwanzo zikaisha nikiwa naitetea hadithi badala ya kuiandika. Mwenzangu aliyekuja na kurasa 12 za kitu kisicho na mwisho, alichokiri mwenyewe kwamba kimemkwamia, alirudi kwao na hadithi. Kwa hiyo ninapoulizwa nipendekeze, nasema: peleka kazi inayokusumbua, iliyosafishwa lugha lakini ambayo bado hujui inaelekea wapi.

Kwa sisi tunaoandika kwa Kiswahili liko jambo la ziada, nalo ndilo lililonifanya niandike barua hii. Warsha nyingi za kimataifa huendeshwa kwa Kiingereza, hata pale ambapo mji wenyewe huzungumza Kicheki au Kifaransa, na waombaji wetu hudhani tafsiri ni kazi ya jioni mbili. Kurasa zangu 18 zilinichukua wiki 6. Hadithi ilisimuliwa kwa nafsi ya tatu kuhusu mtu anayerejea nyumbani usiku, na kwa Kiswahili msomaji hakujua kama ni mwanamume au mwanamke mpaka ukurasa wa mwisho, kwa kuwa kiambishi chetu cha nafsi hakibagui jinsia. Nilipoanza kutafsiri, sentensi ya kwanza kabisa ilinitaka nichague, na kwa kuchagua nilikuwa nimekwisha kutoboa siri ya hadithi nzima. Nilijaribu kurudia jina la mhusika kila mara, ikasikika kama ripoti ya polisi. Nikajaribu nafsi ya kwanza, na hapo ikawa hadithi nyingine kabisa, yenye msimulizi anayejificha kwa makusudi, ambayo baadaye nilikuja kuipenda kuliko ya awali na kuirudisha katika Kiswahili. Uamuzi wa namna hiyo hauwezi kufanywa ndani ya ndege. Unahitaji miezi, na unahitaji msomaji mmoja asiyejua Kiswahili akuoneshe anapokwama, ili usijaze maelezo ya pembeni mahali ambapo yeye hakuhitaji kuelezwa chochote.

Nashauri pia kila mmoja abebe nakala ya Kiswahili na kuisoma kwa sauti, walau aya moja, katika usiku wa usomaji ambao programu nyingi huuandaa. Prague ni mahali pazuri pa kufanya hivyo bila kuona soni: mwandishi Franz Kafka alizaliwa hapo mwaka 1883 na akaandika kwa Kijerumani, katika mji ambao wakazi wake wengi walizungumza Kicheki.

Tena mtu asijipangie utalii mwingi. Programu zinazotoa krediti za masomo kwa mfumo wa Ulaya huhesabu krediti 1 kuwa saa 25 hadi 30 za kazi. Programu ya krediti 6 ina maana ya saa 150 kwa uchache, na ikibanwa katika wiki 4 inakuwa ajira kamili, kwa sababu pamoja na kuandika kuna kurasa za wenzako za kusoma kila usiku, na kila moja inastahili maoni ya maana. Bahati nzuri mwanga unasaidia. Mwishoni mwa Juni jua la Prague huzama baada ya saa tatu usiku. Joto la Julai linaweza kuwa kali katika vyumba vya bweni visivyo na feni, kwa hiyo swali la koti lina jibu fupi: moja jepesi la mvua linatosha. Plagi za bara huwa za pini 2 za mviringo, wakati Uingereza na Ayalandi hutumia pini 3 za pembe, na kompyuta iliyozimika siku ya kuwasilisha kazi haina msamaha.

Ningependa, Ndugu Mhariri, kusoma katika ukurasa huu huu jinsi waandishi wengine waliowahi kwenda walivyolitatua tatizo hilo la jinsia ya mhusika katika tafsiri zao wenyewe, na kama wapo waliofaulu bila kuibadili nafsi ya msimulizi.

Wako,
Msomaji na mwandishi wa hadithi fupi