Mapokezi nako ni kliniki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nitoe la moyoni kuhusu kliniki za kairopraktiki, hizi za kunyoosha pingili za mgongo kwa mikono, tunazozikimbilia kila mgongo ukituuma.

Mwaka jana nilimpeleka mama mzazi kwenye mojawapo hapa Dar es Salaam. Alishakandwa maji ya chumvi na kuchuliwa na kila jirani. Mapokezi tukamkuta binti akaanza maswali: anatoka jasho usiku? Homa za jioni? Miguu inakufa ganzi? Mkojo anauhisi ukija? Nikakereka. "Dada, sisi tumekuja kwa mgongo, tuitie daktari."

Hakunijibu. Macho yake yalikuwa kwenye sketi ya mama, iliyokunjwa kiunoni na kubanwa kwa pini mbili. "Mama, hii ilianza lini kukupwaya?" "Toka Pasaka." Sketi hiyo niliishona mimi, na pini sikuziona.

Binti akatangulia ndani na karatasi yake. Mtaalamu alipotoka hakumgusa mama. Alituandikia barua ya hospitali tukapige picha. Kikawa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2005 kuhusu fani hii unakitaja waziwazi kati ya magonjwa yanayokataza mgongo kunyooshwa. Pingili ikishaliwa na vijidudu, msukumo mmoja unaweza kuivunja, mtu akapooza. (Na ule mlio wa "ka!" tunaoushangilia kwenye video ni gesi tu ndani ya ute wa kiungo, si mfupa uliorudi mahali pake.) Mama akameza dawa, bure, kwenye zahanati ya serikali. Leo anafagia uwanja mwenyewe.

Baadaye nilimuuliza binti alisomea wapi maswali yale. Akasema hajafundishwa na mtu. Bibi yake aliugua vivyo hivyo. Kumbe mama aliponea bahati! Nawaomba wenye kliniki wawafundishe watu wa mapokezi maswali hayo, wawape na mamlaka ya kumzuia mgonjwa asipande kitandani, kisha wawalipe kama wahudumu wa afya, si wafungua milango.

Mwezi uliopita nilirudi na doti ya kitenge kumwomba radhi. Mezani nikamkuta kijana mwingine. Akaandika jina langu, akanionesha kiti, hakuniuliza kitu.

Fundi cherehani,
Temeke, Dar es Salaam