Wajitokeze kwa nani?

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma miaka nenda miaka rudi na sijawahi kukuandikia, maana nina kazi zangu. Ile ripoti ya ushauri nasaha imenishinda. Ofisa mliyemhoji anasema huduma zipo shuleni na vyuoni, ila wanafunzi hawajitokezi. Mwandishi wenu akameza, akashukuru, akaondoka.

Mpwa wangu alijitokeza. Alikuwa mwaka wa kwanza chuoni, kafiwa na baba katikati ya muhula, hali, halali. Mlangoni kwa mshauri alikuta karatasi iliyopauka kwa jua: "Nimetoka kidogo." Siku ya pili ikawa palepale. Mwishowe karani akampa fomu: "Eleza tatizo lako kwa ufupi," na chini yake vistari viwili. Kijana akaandika: Baba amefariki. Akaambiwa nafasi itapatikana baada ya mitihani. Mitihani yenyewe akafeli, na barua ya kumwonya kuhusu alama ikamfikia upesi ajabu, kwa hiyo watu wa kuandika barua wapo! Baadaye nilimwona huyo mshauri. Mama muungwana, amechoka hadi macho mekundu, chuo kizima kinamtegemea yeye peke yake, na siku hiyo alikuwa ametumwa kuhesabu magodoro ya bweni. Simlaumu hata chembe. Nawalaumu waliomkabidhi magodoro.

Viwango havijafichwa. ASCA, chama cha washauri wa shule cha Marekani, kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250, na hata huko kwenye fedha zote zile wastani bado unapita 350. Kwa vyuo, IACS, shirika linaloidhinisha huduma za ushauri vyuoni, inataja mtaalamu mmoja kwa wanafunzi 1,000 hadi 1,500. Shirika la Afya Duniani nalo linasema nusu ya matatizo ya afya ya akili ya watu wazima huanza kabla ya miaka 18. Umri huo mtu anashinda wapi kama si darasani? Halafu kuna shule ambako mshauri ndiye mwalimu wa nidhamu huyohuyo. Asubuhi kakuchapa, mchana umfungulie moyo.

Na hao wahamasishaji! Kila mitihani ikikaribia analetwa bwana mwenye suti na kipaza sauti, watoto ukumbi mzima wanapigishwa kelele "Naweza!", anapokea bahasha yake, kwaheri. Aliyekuwa na kilio chake usiku anabaki nacho, na koo limemkauka juu yake. Bahasha hizo hazikosi fungu. Ajira ya mshauri wa pili ndiyo kila mwaka "inashughulikiwa".

Mwandishi wenu akirudi kwa yule ofisa, asiulize kama huduma ipo. Aombe idadi ya wanafunzi, idadi ya washauri, na ratiba ya mshauri ya juma zima. Akikuta humo vipindi vya hisabati, zamu ya jikoni na ukaguzi wa stoo, mwichapishe ukurasa wa kwanza, palepale mlipoweka picha ya ofisa akitabasamu.

Msomaji wenu wa siku nyingi