Chembe 1,584, mmegawa kwa ngapi?

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Habari za wanasayansi kugonganisha viini vya atomu huko CERN, ile maabara ya fizikia ya Ulaya, huwa nazisoma zote mkizitoa, ila kuna kitu kinanikera kweli, kila mara ni eti chembe kibao zimezaliwa na basi, imeisha hiyo. Kibao ukilinganisha na nini?

Chukua data za ALICE, jaribio mojawapo la hapo CERN, za 2010, viini vya risasi (ile metali, si ya bunduki) kwa risasi, nishati ya TeV 2.76 (TeV ni kipimo cha nishati) kwa kila jozi ya nyuklioni, yaani protoni na nyutroni za ndani ya kiini. Migongano ya katikati kabisa, ile ambayo viini vinavaana uso kwa uso, ilitoa chembe zenye chaji kama 1,584 kwa kila yuniti ya sudorapiditi (kipimo cha pembe tu hicho, msiogope). Namba kubwa sawa, lakini kiini kimoja cha risasi kina nyuklioni 208, ukivivaanisha viwili lazima zitoke nyingi tu. Gawa kwa jozi za nyuklioni zilizoshiriki, unapata 8.3, karibu mara mbili ya zinazotoka ukigonganisha protoni kwa protoni kwenye nishati kama hiyo. Haya, sasa gawa ileile 1,584 kwa migongano ya mbilimbili, yaani kila mara nyuklioni moja inapogonga nyingine, maana nyuklioni moja ikipita inagonga kadhaa, na hiyo idadi inazidi 1,500, ghafla umebaki na kama moja ya tano ya protoni kwa protoni. Data ileile! Mmoja ataandika zimeongezeka, mwingine zimepungua, na hakuna aliyedanganya.

Utamu wenyewe uko hapa, nyuklioni washiriki na migongano yao hazihesabiwi kwa macho, ni modeli ya Glauber (ya kukadiria nyuklioni zipi zimegongana) inapigiwa hesabu kwenye kompyuta, kwa hiyo mtu ana haki ya kuuliza kama kasoro ni ya modeli. Ndo maana mimi ile kazi ya fotoni (chembe za mwanga) ya maabara ya Brookhaven, Marekani, naiona nzito kuliko kelele zote za plazma, ile supu ya kwaki na gluoni, vijichembe vya ndani ya nyuklioni. Kwenye dhahabu kwa dhahabu, hadroni (chembe zilizoundwa na kwaki) zinazochomoka pembeni kwa nguvu zilikuwa pungufu kama mara tano ya hesabu ya mbilimbili, ila fotoni za moja kwa moja, zinazozaliwa kwenye mgongano wenyewe na ambazo hiyo supu haina habari nazo, zinapita tu bila kuzuiwa, zikaja sawa na hesabu. Kigawanyo kikapona, lawama ikaangukia supu.

Hiyo sijaiona gazetini hata mstari mmoja. Mkiandika tena wekeni na kigawanyo, hata kwenye mabano.

Msomaji wenu