Kabla ya kufungua majengo ya Mji Mkongwe kwa umma

Mhariri,

Tangu 1992, London hufungua majengo mengi kila mwaka ili wananchi wayaone kwa ndani. Mji Mkongwe wa Zanzibar unastahili siku kama hizo, ila maandalizi yaanzie ghorofani. Sakafu hubebwa na boriti za mikoko, ambazo si ndefu, ndiyo maana vyumba ni vyembamba, upana wa mita 3 hivi. Boriti huoza kwanza kwenye ncha zilizofukiwa ukutani, mahali macho hayafiki. Fundi azigonge moja moja kwanza, na watu wapande wachache wachache, wasirundikane katikati ya chumba.

Tena waonyeshwe lipu ya chokaa kando ya ile ya saruji. Saruji hufungia unyevu ndani, chumvi ikalila jiwe la matumbawe, lipu ikabanduka.

Msomaji, Unguja